Mimi Si Nesi

Viola Akello alikuwa amezoea kusimama mbele ya watu mia na zaidi, wageni kutoka kila pembe ya dunia, na sauti yake haikuwahi kutetemeka. Lakini Jumamosi ile, mbele ya geti la kijani la mzee Zacharia kule Ngoingwa, aliogopa kama msichana wa Form One anayeripoti shule.

"Simama wima," Wilkister alimwambia huku akimnyoosha kola ya gauni. Wilkister alikuwa dada mdogo wa baba yake, waya kwa Kijaluo, na ndiye aliyetumwa na ukoo kumsindikiza. "Wewe ni nyar Jeconia, binti wa Jeconia. Baba yako alisimama kwa mashine ya kufuma vitambaa miaka ishirini na sita ndio hiyo kichwa yako iinuke. Iinue."

"Sawa, waya."

"Na usile sana. Tumekuja kuona, hatujakuja kushiba."

Viola alicheka, na woga ukapungua kidogo. Ilikuwa miaka mitatu tangu akutane na Eddie kwenye harusi ya rafiki yao Ruiru, miaka mitatu ya simu zilizokatika katikati ya sentensi tamu. Kila mwaka kuanzia Machi alikuwa Chicago, akitembeza wageni kwenye boti za mtoni na kwenye jumba kubwa la makumbusho. Kila Novemba, baridi ilipobana na boti kufungwa, alirudi Thika, kwa wazazi wake mtaa wa Landless, na kwa Eddie. Sasa ilikuwa Februari. Siku kumi tu zilibaki asafiri, na Eddie alikuwa amesema neno ambalo alilingoja miaka yote mitatu: "Vai, njoo nyumbani uonane na wazazi."

Eddie mwenyewe ndiye aliyefungua geti. Alikuwa mkandarasi, alijenga fleti za watu kule Mugutha, na hata siku hiyo ya shati jeupe vidole vyake vilikuwa na alama za simiti. Alimtazama Viola kama mtu aliyeona mvua baada ya kiangazi. Kisha macho yake yakakimbia. Viola aliliona hilo, akadhani ni haya mbele ya waya.

Ndani, meza ilikuwa imesheheni. Mukimo, kuku wa kienyeji, chapati zilizofunikwa kwa kitambaa cheupe. Mama Eddie, Emmah, alimkumbatia Viola mara mbili, akamshika mashavu.

"Ngai! Eddie, hukusema ni mrembo hivi! Karibu, mwari wakwa, binti yangu, karibu. Wamama wote kanisani wananiuliza utakuja lini."

Mzee Zacharia alikuwa kwenye kiti chake cha pembeni, kofia kwenye goti, mtu mrefu mwenye maneno machache. Alisalimu, akaomba baraka za chakula, kisha akaanza kula.

Walikuwa katikati ya chakula mlango ulipofunguliwa, akaingia tata Wakonyo, shangazi kwa Kikuyu, dada mkubwa wa mzee Zacharia, akichechemea, na mfuko wa dawa kwapani.

"Ako wapi? Ako wapi daktari wetu?"

Alivuta stuli, akaketi karibu kabisa na Viola, akainua sketi mpaka magotini. Mguu wa kushoto ulikuwa umevimba, ngozi inang'aa.

"Viora, mwari wakwa, angalia hii kitu. Nikifinya hivi, kunabaki shimo. Sasa hizi dawa nyekundu na hizi nyeupe, gani inafaa kuacha?"

Viola alitazama mguu. Akatazama dawa. Kisha akamtazama Eddie. Eddie alikuwa anakata chapati vipande vidogo, vidogo zaidi, kama anayelisha vifaranga.

"Tata, si leo," alisema bila kuinua kichwa. "Mwache ale."

"Kwani kuna shida gani?" Emmah akaingilia, uso umejaa majivuno. "Si ni kazi yake? Eddie alituambia, huko Chicago ako kwa hospitali kubwa, anachunga wazee. Mimi nimeambia kila mtu: bibi ya kijana wangu ni nesi Amerika."

Wilkister aliweka kijiko chini polepole.

Viola alitazama tena ule mguu. Ingekuwa rahisi sana. Angeweza kufinya mguu ule, atikise kichwa, aseme punguza chumvi. Mama angefurahi, chai ingeletwa, tarehe ya wazee kukutana ingepangwa, na angepata mwanaume aliyemlilia kwenye simu usiku mwingi wa baridi. Gharama yake ilikuwa neno moja tu, na mtu mwingine alikuwa ameshalisema kwa niaba yake.

Aliushika mguu wa tata Wakonyo kwa mikono miwili, akaushusha kwa upole.

"Tata, mguu huu unataka daktari wa kweli. Usiache dawa hata moja. Jumatatu asubuhi uende hospitali, usingoje. Mimi siwezi kukudanganya. Mimi si nesi."

"Si nesi?" Emmah alicheka kidogo, akingoja mzaha uishe. "Basi ni daktari kabisa?"

"Hapana, mama. Mimi ni guide. Watu wakija kuona mji wa Chicago, mimi ndiye nawaonyesha."

Emmah alizifunika tena chapati kwa kile kitambaa cheupe.

"Unaonyesha watu mji," Emmah alirudia. "Unawatembeza."

"Ndio, mama."

"Hiyo ni kazi?"

Hapo ndipo kitu kilipoinuka kifuani mwa Viola. Hakikuwa hasira. Kilikuwa kile kile kilichomshikilia wima miaka ya mwanzo kule Chicago alipouza tiketi gatini, upepo wa ziwa ukimchana midomo, akikariri majengo ya mji mzima kwa mtihani walioufanya watu arobaini, wakapita sita.

"Ni kazi, mama. Tena nimeisomea. Kuna mto unakata katikati ya mji ule, na magorofa yamesimama pande zote mbili, lingine linapotea mawinguni. Boti inapita chini yao, mimi nimesimama mbele, naeleza. Nawaambia katikati yote ya mji huu iliwahi kuungua, na watu wakaijenga upya wakaanza kwenda juu. Nawaambia hata mto wenyewe waligeuza."

"Waligeuza mto?" tata Wakonyo akauliza, mguu umesahaulika.

"Ulikuwa unaingia ziwani na uchafu wote, na ziwa ndilo wanalokunywa. Wakachimba mfereji, mto ukarudi nyuma. Mpaka leo unateremka upande mwingine."

"Haiya! Mto kama Chania, urudi ulikotoka?"

"Ndio, tata. Na tukifika daraja kubwa, nawaambia jina lake. Ni jina la mtu mweusi. Yeye ndiye mgeni wa kwanza kujenga na kukaa pale, kabla ya hayo magorofa yote. Hapo huwa napunguza mwendo wa maneno. Nataka walisikie vizuri."

Wakonyo alipiga kofi moja la mshangao. Emmah hakupiga.

"Hadithi nzuri," alisema, na sauti yake ilikuwa imepoa kama uji wa jana. "Lakini mimi nitaambia wamama nini? Kwamba bibi ya Eddie anasimama kwa boti anapigia watu kelele kama makanga wa matatu?"

"Mathe!" Eddie alisema.

"Usiniite mathe! Wewe ndiye ulinipeleka kwa watu na maneno ya uongo!"

Wilkister aliinuka. "Viola, nyathina, mwanangu, chukua mkoba. Tumeona."

"Emmah," mzee Zacharia akasema.

Hakupaza sauti. Lakini kila mtu alitulia alipokuwa.

"Mimi nilikuwa nafanya kazi gani?"

"Baba Eddie, hiyo ni tofauti."

"Nimekuuliza. Kazi gani?"

Emmah alitazama meza. "Ulikuwa unaendesha watalii."

"Miaka thelathini na moja. Nairobi mpaka Mara, Nairobi mpaka Tsavo, vumbi mpaka kwa meno. Tazama kushoto, kuna ndovu. Tazama kulia, kuna kiboko. Hii nyumba ilijengwa na nini? Eddie alisomeshwa na nini? Hiyo chapati amekata mpaka imekuwa unga, ilinunuliwa na nini?"

Mzee alimgeukia Viola, na kwa mara ya kwanza macho yake yalikuwa hai.

"Umesema Chicago. Hiyo makumbusho yao iko na simba wawili?"

Viola aliinama mbele. "Iko nao, mzee. Simba wa Tsavo."

"Umewaona?"

"Kila Alhamisi. Nina kikundi changu cha mchana."

Zacharia alivuta kiti karibu, kama mtu anayesogelea moto. "Nimepeleka wageni pale darajani Tsavo sijui mara ngapi. Nawaambia, hapa simba wawili walikula wajenzi wa reli mpaka kazi ikasimama. Wananiuliza, wako wapi hao simba? Nawaambia, walipelekwa Chicago. Miaka thelathini na moja nasema hivyo, na sijawahi kuwaona na macho yangu. Ni kweli hawana manyoya ya shingo?"

"Ni kweli. Na ni madume. Mmoja amesimama, mwingine amelala chini amejikunja kama anayevizia. Wageni wengi hushangaa, hudhani watakuwa wakubwa zaidi. Nawaeleza kwamba ngozi zao zilikaa miaka mingi zikiwa mazulia kabla ya kuuzwa kwa makumbusho. Zilikatwa, zikachakaa."

"Mazulia!" mzee alinong'ona. "Na watu wakikuuliza wewe unajuaje?"

"Nawaambia simba hawa ni wa kwetu, mimi natoka Kenya. Natamka Tsavo vile tunavyotamka sisi, nawafundisha mpaka walitamke sawa. Na nawaambia kuhusu wale vibarua waliokufa. Kwenye hadithi hiyo watu hukumbuka simba na mzungu mwenye bunduki. Mimi naanza na vibarua."

Mzee Zacharia alitoa leso, akafuta macho bila kuona aibu.

"Ungekuwa dereva wa gari letu," alisema, "ningekuwekea mafuta mimi mwenyewe."

Viola alicheka huku machozi yakimlenga. Aliinuka, akawashika mikono wote mmoja mmoja, mpaka Emmah ambaye vidole vyake vilikuwa baridi. "Asante kwa chakula, mama. Mungu akubariki." Kisha akatoka nje, kichwa kikiwa pale waya Wilkister alipotaka kiwe.

Eddie alimfikia getini. Wilkister, mwenye akili zake, alitangulia barabarani kutafuta boda boda mbili, akichukua muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Vai, ngoja. Tafadhali."

"Kuanzia lini mimi ni nesi?"

"Mwaka juzi, Krismasi. Mathe aliniuliza unafanya nini. Neno likatoka tu. Nikasema nitarekebisha baadaye."

"Baadaye lini, Eddie? Siku mjamzito wa kwanza wa mtaa ataletwa kwangu nimzalishe?"

Eddie alijaribu kumshika mkono. Viola aliurudisha nyuma, ijapokuwa mkono wenyewe haukutaka. Alimpenda mwanaume huyu. Alipenda hata ile simiti ya vidoleni. Ndiyo maana iliuma.

"Nisikize," alisema polepole. "Mama yako kunikataa kwa sababu natoka Landless, kwa mtu wa kiwanda, ningevumilia. Kwa sababu ni Mjaluo, nilijiandaa, hiyo nilitoka nayo nyumbani. Lakini wewe ulinikataa kabla yake. Ulinitoa mimi, ukaweka msichana mwingine mahali pangu, nesi, ukampenda huyo mbele ya mama yako. Mwaka mzima na zaidi mmekuwa mkimsifu. Mimi nilikuwa nani?"

"Sikuwa na aibu juu yako."

"Basi ulikuwa unaficha nini?"

Eddie aliegemea geti kama mtu aliyechoka ghafla. "Nimekua nikisikia mathe akisema, soma, usikuwe kama baba yako, kukimbiza wazungu kwa vumbi. Kila siku, Vai. Mzee akiwa hapo hapo, anakula, ananyamaza. Mimi nilikuwa napenda hizo hadithi zake, lakini nilijifunza kutosema. Ulivyoniambia kazi yako mara ya kwanza, nilikupenda zaidi. Na siku hiyo hiyo nikaogopa. Leo nimemwona mzee akilia. Thirty-two years, sijawahi kumwona akilia."

Maneno hayo yalimgusa Viola mahali ambapo hakutaka kuguswa.

"Pole kwa hayo. Kweli pole. Lakini siwezi kuolewa nikiwa nimejificha nyuma ya mtu ambaye hayuko. Kama unamtaka nesi, mtafute, wako wengi na ni watu wazuri. Kama unanitaka mimi, unajua kwetu ni wapi. Baba yangu bado hajaambiwa uongo wowote na wewe. Uanzie hapo."

Alipanda boda boda. Hakugeuka nyuma, na kutogeuka kule kulimgharimu kuliko mtihani wote wa Chicago.

Usiku huo Eddie hakupiga simu. Asubuhi pia. Viola alienda kanisani na wazazi wake, akaimba, akarudi, akamsaidia mama yake Perez kupika samaki nyuma ya pazia linalotenga jikoni na sebule. Mama alimpa vitunguu vya kukata, ili macho yapate sababu.

Saa nane mchana, mlango uligongwa.

"Hodi hapa."

Viola aliijua sauti hiyo hata kwenye simu mbovu. Kisu kilisimama.

"Karibu," Jeconia alijibu. Alikuwa mzee mfupi, mabega mapana, masikio yamechoshwa na kelele za mashine. Wilkister alikuwa ameketi kando yake, amekunja mikono. "Keti. Dada yangu amenieleza mambo. Lakini mimi husikia vizuri zaidi mtu akiniambia mwenyewe. Binti yangu anafanya kazi gani?"

Kupitia mwanya wa pazia Viola alimwona Eddie. Shati la kanisani limelowa jasho. Hakuketi.

"Ni guide, baba. Si nesi. Mimi ndiye niliwadanganya watu wetu, na leo nimewaambia ukweli."

"Uliwaambia wapi?"

"Kanisani. Wakati wa matangazo nilisimama. Nilisema, msimlaumu mama yangu, aliwaambia kile nilimwambia. Nesi hayuko. Mchumba wangu anaitwa Viola Akello, mzaliwa wa Landless, na watu wakitoka dunia nzima kwenda kuona Chicago, yeye ndiye wanamsikiliza."

"Aai yawa," Wilkister alinong'ona, mikono ikajikunjua.

"Na mama yako?" Jeconia aliuliza.

"Hakuniangalia, baba. Lakini hakutoka. Mzee wangu alipiga makofi, peke yake, kanisa yote inamtazama. Hakuacha. Tata Wakonyo akamsaidia."

Perez alimshika Viola bega. Viola alikuwa ameziba mdomo kwa mkono wenye harufu ya vitunguu.

"Hebu nieleze basi hiyo kazi," Jeconia aliendelea, uso haujalegea hata kidogo. "Mtu anayejivunia kitu hukijua."

"Anasimama mbele ya boti, baba. Anaeleza nani alijenga nini na kwa nini. Mimi ni mjenzi, na yeye ndiye alinifundisha magorofa ya kwanza yalisimamaje kwenye matope ya pale. Anaongea saa moja nzima bila karatasi."

"Saa moja na nusu," Viola alisema.

Alikuwa ameshasukuma pazia. Alisimama pale na aproni ya mama yake, macho mekundu, na Eddie akamtazama. Safari hii macho yake hayakukimbia popote. Yalikaa. Yalimwomba radhi mbele ya baba, mbele ya waya, mbele ya mlango ulioachwa wazi na majirani wanaopita.

"Saa moja na nusu," Eddie alirudia kwa unyenyekevu.

Jeconia alikohoa. "Sasa, wazee wakutane lini?"

"Bado, baba," Viola alijibu. "Nisamehe, lakini hilo nina neno nalo." Akamgeukia Eddie. "Umenisema vizuri. Lakini umesema kitu hujawahi kuona. Nataka uje kwanza, uje kama mgeni. Ukinyimwa visa, omba tena. Uketi kwa boti yangu, kiti cha mbele kabisa, unisikilize nikifanya kazi yangu mwanzo hadi mwisho. Unijue nikiwa pale. Ukishuka bado unanitaka, wazee wakutane hata kesho yake."

Jeconia alimtazama binti yake kwa muda, na uso wake, ambao haukuwa umelegea tangu asubuhi, ukafunguka wote.

"Umesikia, kijana?"

"Nimesikia, baba. Nitakuja." Eddie alimgeukia Viola. Tabasamu lilikuwa linamtafuta mdomo lakini bado anaogopa kuliachia. "Vai, na mgeni anaruhusiwa kuuliza maswali kwa hiyo boti?"

"Mwishoni. Wageni wote huuliza mwishoni."

"Basi mimi nitakuwa na moja tu."

Wilkister aliangua kigelegele kabla ya wakati wake, Perez akamnyamazisha huku naye akicheka. Viola hakucheka. Aliinua kidevu, mzuri kuliko siku zote, akamtazama mwanaume wake moja kwa moja.

"Uliza kwa sauti," alisema. "Kwa sababu nitakujibu mbele ya boti nzima."